Neema Haijahama

Rodrigue, kabla hujakaa, simu. Na ya Charlène, na ya Audace pia. Muziweke zote kwenye ile sufuria ya kupikia nsima, mufunike, muipeleke inje. Mucheke tu. Mi niko mugonjwa wa figo, siko mugonjwa wa kichwa, na maneno ninayobaachia leo sitaki yatangulie kufika kwa majirani kabla sijamaliza kuyasema.

Bon. Musogee, sababu sauti hii haiko tena ile ya kufundisha darasa la bantu sitini kule Bukavu. Charlène, mutoto wangu wa kwanza, kaa hapa kwenye miguu yangu. Rodrigue, hapo kwa mulango, uangalie nani anapita na nani anasimama. Na we, Audace Ndayisaba, we hukuzaliwa kwangu, tena miaka mine sasa sikukupatia hata kibao cha kukalia katika nyumba hii. Leo kaa kwenye kile kiti cha marehemu baba yabo. Nimekuita sababu neno moja katika haya ni lako, na njo lenye kunilemea kuliko yote.

Nianze na vitu, sababu najua roho za bantu ziko kwenye vitu. Mashine ya kushona iko ya Charlène, na meza yake, na ule mukasi mukubwa niliotoka nao Biwi, kule Lilongwe, siku bakimbizi tuliporudishwa kambini. Nyumba iko ya Rodrigue. Mabati yako kumi na nane. Rodrigue, uyahesabu asubui ya mazishi na uyahesabu tena jioni, sababu bantu bakilia sana mukono unakuwa mwepesi. Nguo zangu mupatie bamama ba kwaya, lakini mupapase kwanza pindo na mifuko. Ile ordinateri ya zamani, ile kompyuta yenye kioo kimepasuka, hakuna kuuza, hakuna kupeleka kwa fundi wa Mponela. Rodrigue, utoe ile sahani ya ndani inayoshika kumbukumbu, uipige nyundo mpaka iwe vipande, na vipande utupe katika vyoo viwili. Viwili, nimesema, si kimoja.

Sasa kile kitu chenyewe. Munajua miaka tisa hii mi niko kwenye kazi ya Daftari, kazi isiyolipa mutu, na bengine hapa kambini balisemaka Mama Cécile anashonea Bazungu nguo ndani ya kioo. Daftari ni programu ya bure. Shule na zahanati zinaandika humo majina ya bantu babo, hata kama mutandao hakuna. Imetengenezwa na vipande mia mbili na kumi na mbili, sisi tunaviita paketi, na kila paketi iko na mulezi wake, mutu wa kujitolea, mumoja Bujumbura, mumoja Kigoma, bengine hapa hapa katika kambi yetu ya Dzaleka. Zote zilikuwa zimekaa juu ya musingi mumoja wa zamani, na benye musingi balituandikia kama banaufunga. Basi ilibidi paketi zote zihame, ziende kwenye musingi mupya.

Na kuhama hakukuwa kubeba tu. Paketi moja inaegemea ingine, ile inaegemea ingine tena. Ukihamisha ya juu mbele ya ya chini, inaanguka. Lazima mutu mumoja asimame aseme: we leo, we subiri, we utafuata ule. Ule mutu nilikuwa mi. Na mwisho wa yote, kila paketi inapigwa sahihi kwa ufunguo mumoja, na ufunguo ule si chuma, ni maneno sita, yako humu katika kichwa changu na si mahali pengine. Sikuyaandika hata kwenye Biblia, sababu najua nani anafunguaka Biblia yangu.

Mutu akiwa na maneno yale anaweza kuingiza kitu chochote katika kila mashine yenye Daftari, na mashine itapokea bila kuuliza. Na ndani ya zile mashine muko nini? Majina. Jina la mutoto, jina la mama yake, kijiji balichotoka, sehemu ya kambi banapolala. Sisi tulikimbia na majina yale. Kuna bantu banaoweza kuvuka inchi tatu kwa kutafuta jina moja, na nyi munabajua kama mi.

Leo ni tarehe makumi mbili na sita. Tarehe makumi tatu musingi wa zamani unafungwa. Paketi mia moja na makumi munane zimehama, makumi tatu na mbili hazijahama. Nikifa leo na maneno yangu sita, zile makumi tatu na mbili zinakufa na mi, na Daftari bila zile ni gari bila magurudumu. Basi swali liko moja tu: ufunguo nampatia nani. Juma sita sasa niko kwenye kitanda hiki nikipima bantu mumoja mumoja, na kila mumoja nilimukuta na jambo.

Kwanza Olivier. Munalijua jina, uso hatujauona, hata mi. Alikuja kwenye Daftari miaka miwili iliyopita, kwa maandiko tu, bila mutu kumuita. Alisema iko mutoto wa Bukavu, wa Kadutu, alikimbilia Nairobi. Na kazi yake ilikuwa safi, njo ilinitia wasiwasi. Mutu wa kujitolea anachelewa, ananuna, umeme unakatika, mutoto wake anapata malaria; ule hakuchelewa hata siku moja. Kila asubui: mama umeamkaje, mama pumzika, mama umechoka, nipe ufunguo nikupunguzie muzigo. Alinihurumia kabla daktari hajaniambia kama nimepatwa na kitu. Nikajiuliza, huruma hii inatoka wapi, na inataka kwenda wapi?

Siku moja nikamuandikia maneno matano. Nikamuuliza: We njo Olivier wa Kadutu? Basi. Kwetu hata mutoto wa kunyonya anaelewa, namuuliza kama yeye ndiye. Zilipita dakika mbili, akajibu: Asante sana mama kwa mwaliko, nitafurahi kuja Dzaleka siku moja. Nikasoma mara tatu. Aliona njo, akafikiri namuita aje! Mutoto wa Kadutu! Nilicheka mpaka Charlène akaacha kushona akaja kuniangalia, unakumbuka Charlène, halafu kicheko kikanikauka mudomoni. Ule mutu hajawahi kununua hata ndizi Kadutu. Ni nani, anatumwa na nani, sijui. Pengine iko mutu mupweke tu anayependa kujifanya wa kwetu. Sikumwambia kitu. Nilimuachia kazi ndogo ndogo na nikasoma kila mustari wake mara mbili, na nyi musome vile vile. Akisikia nimekufa ataleta barua ndefu ya machozi. Mumushukuru vizuri, na musimupatie kitu.

Rodrigue, usiangalie inje, neno linalofuata ni lako. Kisha siku zile Olivier aliandika tena kama iko na binamu wake Lilongwe, Area 18, anayejua bantu ba kusukuma dosie, zile faili za bakimbizi za kuhamia Ulaya. Mi sikuwahi kumwambia kama dosie yetu imekwama. Katika nyumba hii tulijua batatu tu. Na juma lile lile, we ulisema unaenda Mponela kupakia mahindi, lakini Ezechiel wa kabaza, ule anayebeba bantu kwa baiskeli, aliniambia alikushusha kwenye barabara kubwa, ukapanda gari la upande wa Lilongwe. Ukarudi na viatu vipya. Miezi tisa naviangalia vile viatu. Vikiwa kwa mulango siwezi hata kusali vizuri. Leo nakuuliza, mbele ya dada yako na mbele ya Audace: ulienda Area 18?

Sema kwa nguvu, masikio nayo yanaanza kuniacha.

Ulienda. Ukakuta muzee Mumalawi, akakupatia maji, akasema hamujui Olivier wala binamu wake. Na juu ya dosie, ni we uliyemuandikia. Sababu ulitaka mama yako atolewe hapa, apate hospitali yenye mashine ya figo. Eh. Na viatu? Vya Mponela kweli, juma mbili ulibeba magunia ya mahindi. Ezechiel alikuona siku moja tu, mi nikaiongeza ikawa mwaka muzima. Mutoto wangu, kila sahani uliyoniletea nilikula nikifikiri imetoka kwa Olivier. Njoo hapa unishike mukono. Njoo, ile ya Olivier.

Lakini ufunguo sikupi, Rodrigue. Si hasira. Mutu anayeweza kutoa neno la ndani ili mama yake apone, ataweza kutoa na majina ya bantu, na mi nikiwa mama nitamuelewa, njo ubaya wake. Na we Charlène, unajua ile kazi, vidole vyako viko haraka kuliko vyangu, lakini unamuamini hata muuza nyanya akisema amezivuna leo. Peke yako batakula wewe muzima.

Nipatieni maji kidogo. Kidogo, figo zinahesabu.

Audace. Sasa ni wewe.

Charlène na Rodrigue banajua nusu ya habari hii, ile nusu niliyobaambia mi, na niliisema vibaya. Miaka mine iliyopita, kuhama kwa paketi kulikuwa kumeanza, mi nikiwa bado na chumba changu cha kushonea pale Biwi. Niliandika orodha ya paketi zote. Benye kuzitengeneza balikuwa bamezipatia majina mazuri mazuri: Furaha, Baraka, Neema. Na paketi ambayo mulezi wake ameondoka na hajibu tena, sisi ba Daftari tunaiita yatima. Basi nikaandika kwa Kiswahili chetu, iko hivi, iko vile, Kiswahili ambacho mutu ni iko na sufuria ni iko. Neema: iko yatima, itahama mwezi wa tatu. Furaha: iko na mulezi, isubiri. Kurasa ine. Mutandao ulikuwa umekatika juma lile hapa kambini, na bajitoleaji balikuwa na mukutano siku ya posho, basi nikamwambia Audace achapishe ile orodha, aibandike kwenye mulango wa sale, ule ukumbi wa kanisa, kila mutu aone paketi yake.

Munaona? Mi sikuona. Mwalimu muzima.

Siku ya posho nilishuka kwenye gari, nikakuta bantu kama mia mbili kwenye ule mulango. Batoto bameogeshwa, miguu inangaa mafuta. Hapa Dzaleka orodha kwenye ukuta ina maana moja tu, jina lako limeitwa, na yenye kusema kuhama, kupanda ndege uende inchi ya mbali, ina maana kubwa kuliko zote. Furaha bawili balikuwa banagombania jina moja. Pascaline, ule mama wa Bujumbura anayeuza mboga, alikuwa na mujukuu wake Neema, amemufungia nguo katika kitambaa, sababu karatasi imesema Neema, yatima, mwezi wa tatu, na ule mutoto kweli hana baba, hana mama. Mi nikasimama mbele yabo nikieleza kama hizi ni vipande vya programu, si bantu. Muzee mumoja akaniuliza, bila hasira: sasa kwa nini muliviita yatima?

Siku mbili baadaye nikaitwa katika ofisi ya kambi. Balikuwa bameshasikia kama kuna mwanamuke anayetunga orodha za uongo za kuwahamisha bantu. Baliniuliza maswali tangu asubui mpaka chakula cha mchana kikapita. Walinirudisha nyumbani, hawakunifunga, lakini dosie yetu iliyokuwa imefika kwenye mahojiano ikarudi chini ya zingine zote, na haijapanda tena. Nikajua mutu ameniuza. Na nani? Nani alichapisha, nani alibandika, nani alisahau kuandika juu ya karatasi neno programu? Nikasema mbele ya bajitoleaji bote: ule Murundi njo ameniuza, balizoea. Nilisema hivyo, balizoea. We ulisimama na kofia mukononi, Audace, ukasema, Mama Cécile, si mi. Ukatoka. Hukurudisha tusi.

Na mwezi ule ule, ile paketi Neema, ambayo mulezi wake alienda Kanada akanyamaza, ni we uliyeichukua ukailea. Batoto bangu, Neema ni kazi gani? Ni ile inayotambua kama Ndayisaba na Ndaisaba ni mutu mumoja, kama muguzi mwenye haraka ameandika Zihindula bila h. Bila hiyo mutu mumoja anakuwa bawili, na bawili banakuwa hakuna. Paketi makumi tatu na moja zimeiegemea. Audace aliitengeneza akanitumia katika juma mbili, tayari kuhama. Nikaandika: isubiri, kuna kosa. Akalitengeneza. Nikatafuta ingine. Akatengeneza. Mara kumi na saba alinitumia, mara kumi na saba nilirudisha, na kila mara niliandika sababu nzuri, kwa lugha ya kazi, ili mutu asione chuki yangu imevaa miwani. Mara ya kwanza kulikuwa na kosa kweli. Zile kumi na sita, hapana.

Njo maana zile makumi tatu na mbili hazijahama. Bajitoleaji ba Kigoma baliniandikia, mama tunangojea nini? Niliwajibu kama kazi ni ngumu. Kazi haikuwa ngumu.

Mwezi uliopita Pascaline alikuja kunisalimia, na uji. Akakaa hapo hapo, Audace, kwenye kiti hicho. Akasema, Mama Cécile, niko na jambo linanisumbua ukiwa mugonjwa hivi. Mwaka ule wa orodha, mi njo nilienda ofisini. Sikwenda kukushitaki. Nilienda kuuliza tu kama Neema ataruhusiwa kubeba blanketi yake.

Basi. Balimuuliza orodha gani, akabaonyesha. Hakuna aliyeniuza. Bibi alikuwa anaogopa mujukuu asipate baridi kwenye ndege.

Nilimushukuru kwa uji. Alipotoka niligeukia ukuta, na tangu siku ile nimekuwa nikitafuta mutu mwingine wa kulaumu, nikazidi kumutafuta katika viatu vya mutoto wangu.

Audace, mi njo nilikukosea. Nilichukua kazi ya kusema nani ahame na nani asubiri, ile ile kazi iliyotutesa sisi bote katika ofisi za bantu, nikaifanya vibaya kuliko bo. Bo hawanijui, mi nilikujua. Sikuombi useme imeisha. Usiseme kitu. Charlène, leta ordinateri, ile nzima, ifungue kwenye Neema.

Nitaweka jina lako, Audace, ufunguo mupya uwe wako, na maneno yangu yafe hapa. Unatikisa kichwa? Unasema nini?

Unasema usiwe wako peke yako. Ukae na we na Charlène, na bila bote bawili hakuna sahihi. Kwa nini? Tangu lini munazungumza, nyi bawili? Nani kati yenu alipanga...

Hapana. Hapana, muniache. Munaona? Niko kwenye mulango wa kaburi na bado napapasa mifuko ya bantu. Audace iko na haki. Mi nilishika peke yangu, na muone nilivyofanya. Andika, Charlène: Audace Ndayisaba na Charlène Zihindula. Bote bawili.

Vidole vyangu havipigi tena. Charlène, leta sikio, nikupatie maneno yale sita, mara ya mwisho yanafanya kazi. Rodrigue, imba. Wimbo wowote, imba tu, ule jirani asisikie.

...

Imekubali? Basi sasa Neema. Iangalieni vizuri, iko ile ile aliyonitumia mara ya pili, sikuigusa. Mubonyeze. Pamoja. Na kesho mufuate zile makumi tatu na moja, muanze na zile za shule, halafu za zahanati, ile ya kuchapisha karatasi iwe ya mwisho, inaegemea zote. Siku ine zinatosha kama hamulali sana. Muwaandikie ba Kigoma, museme kosa lilikuwa la Mama Cécile, kwa jina. Na Pascaline asiambiwe kitu zaidi ya zikomo, asante tu.

Mi naona kama muko mbali. Musogee. Rodrigue, mukono. Audace, na wako, kama hukatai... eh. Uko na mukono wa moto.

Mungu wa babu zenu abatembeze. Abapatie mahali pa kukaa ambapo hakuna mutu atabaambia musubiri. Jina lenu liandikwe vizuri kila mahali linapoandikwa, na mutu asilitumie vibaya. Muzae, mucheke, mushone. Musiwe... musiwe na macho kama yangu, lakini musiyafunge kabisa.

Charlène. Inasema nini sasa? Soma.

Imehama. Soma tena.

Bon. Niache nilale. Na asubui mufungue muangalie tena kama kweli imehama. Musikubali kwa sababu ni mi nimesema. Muangalie.